Pampu Ilikohoa Saa Nane Mchana

Mlinzi wa getini aliponiuliza nimekuja kufanya nini, nilimjibu kwamba nimekuja kuangalia sensa ya bomba, naye akanitazama kwa muda kabla ya kuniambia kwamba sensa ilikwisha kufanyika Agosti mwaka 2022 na wafanyakazi wote wa shamba lile walihesabiwa. Tangu siku hiyo nimejizoeza kusema vihisi ninapoongea na mtu asiye fundi, ingawa wenzangu hapa Moshi na kule Arusha wanaendelea kusema sensa, na nikiwa nao nasema kama wao. Kazi yangu ni kutunza mita za maji za altrasoniki, zile zinazofungwa nje ya bomba bila kulikata, na makala hii inahusu kosa nililolifanya kwenye shamba hilo hilo, kosa lililonigharimu wiki nyingi na kumgharimu mteja wangu fedha ambazo hakupaswa kuzitoa.

Kihisi chenyewe ni kitu cha kawaida sana kwa macho. Ni kibonge cha plastiki ngumu kinacholingana na kipande cha sabuni ya kufulia, chenye mkia wa waya, na ndani yake kuna kidonge cha kauri ambacho kikipigwa na umeme hutetemeka, na kikitetemeshwa na sauti hutoa umeme. Vihisi huwa viwili. Cha juu hutuma mlio ukashuka pamoja na maji hadi cha chini, kisha cha chini hutuma mlio wake ukapanda kinyume cha maji hadi cha juu. Sauti inayosafiri na mkondo hufika mapema kidogo kuliko ile inayopambana nao, na kutokana na tofauti hiyo ya muda mita hukokotoa kasi ya maji, halafu ikiizidisha kwa eneo la ndani la bomba inapata kiasi cha maji kinachopita. Sikio la binadamu halisikii chochote, kwa kuwa mlio wenyewe hutetemeka takriban mara milioni 1 kwa sekunde, ilhali sikio zuri huishia kwenye mara 20,000 hivi.

Neno «kidogo» nililolitumia linahitaji kupimwa, kwa sababu matatizo yote ya ishara dhaifu yanaanzia hapo. Katika bomba la chuma lenye kipenyo cha ndani cha milimita 206, vihisi vikiwa vimefungwa upande mmoja ili sauti iruke, igonge ukuta wa pili na kurudi, safari nzima huchukua mikrosekunde 300 hivi, mikrosekunde ikiwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Maji yakienda kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, ambayo ni lita 33 na zaidi kwa sekunde, tofauti kati ya safari ya kushuka na ya kupanda ni kama nanosekunde 160 tu, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mita inaweza kupima tofauti ndogo namna hiyo kwa sababu hulinganisha wimbi na wimbi, kilele kwa kilele. Sasa wimbi moja la mlio wa megahezi 1, yaani mara milioni 1 kwa sekunde, huchukua nanosekunde 1,000. Ishara ikififia kiasi kwamba mita inashika kilele cha jirani badala ya kile ilichopaswa kukishika, kosa linalotokea ni zaidi ya mara sita ya kitu chenyewe kinachopimwa. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana ninaowafundisha kwamba mita iliyozima kabisa hainipi wasiwasi kama ile iliyopata ishara dhaifu na bado inaonyesha namba nzuri kwenye kioo.

Shamba lenyewe liko upande wa chini wa Moshi, mahali ambapo joto la Januari na Februari haliwakumbuki watu wa mlimani, na jina lake nitaliacha. Maji huja kwa mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachagga, huingia kwenye shimo la zege, na pampu huyanyonya na kuyasukuma kupitia bomba la chuma hadi kwenye bwawa. Mita ilikuwa na umuhimu wake, kwa kuwa kibali cha kutumia maji kinachotolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani hutaja kiasi, na mwenye kibali anapaswa kujua amechukua kiasi gani. Nyumba ya pampu ilikuwa chini ya mzee mmoja ambaye wote tulimwita Meku, kama wazee wanavyoitwa Uchagani, na ndiye aliyenipokea siku ya kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia kabla sijafungua hata begi: «Mwanangu, hii mashine yako ni nzima. Pampu ndiyo inakohoa saa nane.» Nilitabasamu kama mtu anavyotabasamu akiambiwa na mgonjwa jina la ugonjwa, nikaendelea na kazi yangu.

Kwenye mita za aina ninayoitumia, nguvu ya ishara hutajwa kwa namba kuanzia 0 hadi 99.9, na mtengenezaji hutaka isishuke chini ya 60. Siku hiyo, saa tatu asubuhi, ilikuwa 52. Nilivua mikanda ya chuma nikang'oa kihisi cha juu, nacho kikatoka kwa urahisi mno, bila ule mnato wa grisi unaokiganda kidole. Grisi ilikuwa imekauka ikawa ukoko, kama ule unaobaki kwenye sufuria ya ugali, wa rangi ya udongo kwa sababu ya vumbi, na katikati yake palikuwa na doa safi la ukubwa wa kucha ambapo hapakuwa na grisi kabisa. Doa hilo lilikuwa hewa. Sauti ya namna hii ikikutana na hewa hurudi karibu yote ilikotoka, kwa kuwa hewa na plastiki, au hewa na chuma, havifanani hata chembe katika namna vinavyoibeba sauti, na haijalishi kama pengo lina unene wa sentimita au wa unywele. Grisi haiwekwi pale ili kulainisha chochote. Kazi yake ni kufukuza hewa, na ikishindwa kufanya hivyo ni uchafu tu.

Nilisafisha bomba kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, hadi chuma kikang'aa eneo la kiganja kizima, kwa sababu rangi iliyovimba na kutu iliyojitenga na chuma hufanya kosa lile lile la hewa. Nilipaka grisi ya silikoni, ambayo huvumilia joto kuliko ile ya magari, kwa mstari mmoja mnene katikati ya uso wa kihisi, nikakibandika na kukikandamiza taratibu hadi grisi ikachungulia pande zote. Anayeipaka kwa kidole kama siagi kwenye mkate huacha vijishimo vya hewa ndani yake, na mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka miwili ya mwanzo bila mtu kunikosoa. Nguvu ilipanda hadi 74. Nilifunga begi, nikamuaga Meku, nikapanda bodaboda nikiwa nimeridhika.

Siku ya tatu walinipigia simu kusema ishara imepotea tena mchana. Nilirudi kesho yake asubuhi, kwa kuwa asubuhi kuna hali ya hewa ya kufanyia kazi, na nikakuta 73. Nikaamua kwamba huenda vipimo vya bomba viliingizwa vibaya. Nilizungusha futi kamba kwenye bomba nikapata milimita 688, ambayo ukiigawa kwa 3.1416 inakupa kipenyo cha nje cha milimita 219, kipimo cha kawaida cha bomba la chuma la inchi nane, na kifaa cha kupimia unene kikanipa milimita 6.3. Vyote vilikuwa sahihi. Umbali kati ya vihisi ulikuwa sahihi. Mahali pa kufungia palikuwa pazuri: bomba limelala, vihisi viko ubavuni na si juu ambako hewa hujikusanya wala chini ambako tope hutulia, na kabla yake kuna bomba lililonyooka kwa urefu unaozidi kipenyo mara 10, na baada yake mara 5. Kwa bomba linalotoka kwenye pampu ningependa urefu mkubwa zaidi kabla ya vihisi, lakini mwenye shamba hakulijenga bomba lake kwa ajili yangu.

Niliporudi mara ya tatu, asubuhi tena, nilikuwa nimekwisha kutoa hukumu moyoni. Nikasema vihisi vimechoka, kidonge cha kauri kimeanza kuachana na plastiki kwa ajili ya joto, jambo ambalo hutokea kweli, na mchana chuma kikipata moto pengo linafunguka. Maelezo hayo yalikuwa mazuri mno, yaliunganisha joto, mchana na kupotea kwa ishara katika sentensi moja, na meneja akayakubali. Vihisi vipya viliagizwa kutoka nje, vikakaa Dar es Salaam vikisubiri karatasi, na kwa muda wote huo mita iliendelea kupotea kila siku mchana.

Niliyoyaacha bila kuyafanya ni mambo ya dakika ishirini. La kwanza, kihisi kinachoshukiwa hubadilishiwa nafasi na mwenzake: kama kasoro inahama pamoja nacho, kihisi kina hatia, na kama inabaki mahali pake, tatizo ni la bomba au la waya. La pili, vihisi vyote viwili hung'olewa, hupakwa grisi kidogo na kukutanishwa uso kwa uso mkononi, bila bomba na bila maji, na kama ishara inakuwa na nguvu hapo basi kauri zote mbili ni hai na mtu anapaswa kutafuta mchawi kwingine. La tatu ni kuzibadilisha nyaya za juu na chini kwenye mita yenyewe na kutazama kama kasi inageuka kuwa hasi kwa kiasi kile kile. Mita iliyoonyesha mita 1.00 kwa sekunde ikageuka kuwa hasi 0.94, nusu ya tofauti hiyo, yaani 0.03, ni kosa la sifuri (kasi ambayo mita huonyesha hata maji yakiwa yamesimama) lililomo ndani ya mita na halihusiani na maji. Yote haya nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyafanya kwa wateja wengine. Hapa sikuyafanya kwa sababu nilikuwa tayari na jibu.

Nikumbuke pia kwamba ishara dhaifu si lazima iwe dhaifu kwa maana ya kwamba sauti imepungua. Arusha niliwahi kuitwa kwenye kisima kirefu ambako nguvu ilikuwa 80, namba ambayo kila fundi angeifurahia, lakini ubora wa ishara, ambao ni namba nyingine inayoonyesha jinsi mlio unavyojitenga na kelele, ulikuwa unashuka hadi 20 kila pampu ilipozungushwa kwa mwendo wa kati. Waya za vihisi zilikuwa zimefungwa pamoja na kebo ya mota, kamba kwa kamba, kwa unadhifu ambao bila shaka ulimpendeza aliyezifunga, na kifaa kinachobadilisha mwendo wa mota kilikuwa kinamwaga kelele yake yote ya umeme humo. Tulizitenga kwa umbali wa mita moja, tukaunganisha kinga ya waya na ardhi upande mmoja tu, na ubora ukapanda hadi 85. Hatukugusa bomba.

Vihisi vipya vilipofika nilivifunga asubuhi, vikasoma 76, na meneja akanishukuru. Saa nane na dakika chache mchana simu ililia.

Sikuwa na la kujitetea. Kesho yake nilifika saa mbili asubuhi na kumwambia Meku kwamba nitashinda naye hadi jioni, naye akaniletea kigoda bila kusema neno, jambo lililoniuma kuliko kama angenicheka. Niliweka daftari magotini na kuandika kila robo saa nguvu, ubora na kasi ya sauti ambayo mita ilikuwa inaipima ndani ya maji. Namba hii ya mwisho ndiyo ambayo mafundi wengi huipita bila kuitazama, na kwa maoni yangu ndiyo yenye maneno mengi kuliko zote. Maji safi yenye nyuzi joto 22 hubeba sauti kwa mita 1,488 hivi kwa sekunde. Mita ikisema 1,400, au 1,560, maji hayajabadilika. Mtu ameingiza kipenyo au unene usio sahihi, au vihisi vimekaa mbali au karibu kuliko inavyotakiwa. Mita nyingine huonyesha jambo hilo hilo kwa uwiano kati ya muda uliopimwa na uliotarajiwa, ambao hutakiwa uwe kati ya asilimia 97 na 103. Siku nzima yangu ilikuwa 1,487 au 1,488. Yaani bomba lilikuwa sahihi, umbali ulikuwa sahihi, hesabu ilikuwa sahihi, na chochote kilichokuwa kinakuja kilikuwa kinakuja kusimama njiani kati ya kihisi na kihisi.

Saa saba na dakika hamsini Meku aliinuka, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye mwili wa pampu na mpini sikioni mwake, kisha akanikabidhi. Nilisikia maji, na ndani ya maji nikasikia kitu kama kokoto zikitikiswa ndani ya debe, zikija na kwenda. Nilitazama kioo: nguvu 71, kisha 48, kisha 66, kisha 30. Grisi iliyokauka haifanyi hivyo. Inashuka polepole kwa wiki na miezi na hairudi. Kutu haifanyi hivyo. Namba inayorukaruka sekunde hadi sekunde, huku kasi ya sauti haitetereki, ni viputo vinavyopita, na asilimia chache tu za hewa ndani ya maji zinatosha kuitawanya sauti isifike upande wa pili. Ubora ukafika 0, na alama ya kukosa ishara ikatokea.

Meku alinichukua hadi kwenye shimo la zege. Kimo cha maji kilikuwa kimeshuka hadi shibri moja hivi juu ya mdomo wa bomba la kunyonyea, na juu yake maji yalikuwa yanazunguka kama yanavyozunguka kwenye tundu la sinki, na katikati ya mzunguko huo palikuwa na kitobo cheusi chembamba kilichoshuka moja kwa moja hadi kwenye bomba. Pampu ilikuwa inakunywa hewa. Kuhusu saa nane, kila mtu pale aliijua sababu isipokuwa mimi: huo ndio wakati ambapo zamu ya maji ya mfongo huenda kwa majirani wa juu, na kinachobaki kufika shimoni hakitoshi pampu ile. Mifongo ya Kilimanjaro imegawa maji kwa zamu na saa tangu kabla ya mita yoyote kufika mlimani, na ratiba yake haikuwa siri. Ningeuliza siku ya kwanza ningejibiwa.

Marekebisho hayakuwa makubwa. Bomba la kunyonyea lilirefushwa kwa chini, na shimoni likawekwa boya linaloizima pampu kimo kikishuka kupita kiasi, kwa sababu pampu inayokunywa hewa huharibika pia, na hilo lilikuwa jambo zito kuliko mita yangu. Kilichobaki kilikuwa ni hesabu. Niligundua kwamba mita ilikuwa imepangwa ishike namba ya mwisho inapokosa ishara, badala ya kurudi sifuri, kwa hiyo kila mchana ilikuwa inahesabu mita za ujazo kama 120 kwa saa za maji ambayo mengi yake hayakuwepo. Kwa saa mbili ni 240. Kwa upande mwingine kulikuwa na wiki za mwanzo, grisi ilipokuwa imekauka, ambazo hakuna anayeweza kuapa kwamba namba zake zilikuwa juu au chini. Meneja alitaka tuache kama ilivyo. Tulibishana kwa heshima, na mwishoni tukaandika kwenye rejista tarehe, saa na sababu, na siku zile zikatiwa alama badala ya kusahihishwa kwa kubahatisha.

Siku hizi nikifika mahali sigusi kitu kabla ya kuandika namba zote kama nilivyozikuta, na nikiweza huzitazama kwa saa ile ile ambayo mteja anasema tatizo hutokea, hata kama ni saa ya jua la utosi. Grisi naibadilisha kila baada ya miezi sita kwa bomba lililo juani na kila mwaka kwa lililo ndani ya chemba, na kabla ya masika huwa naangalia mara moja zaidi, kwa kuwa maji ya mfongo yakiwa mekundu kwa tope ishara hupungua hata kama kila kitu ni kizima. Sifuri naikagua valvu ikiwa imefungwa na bomba likiwa limejaa, si likiwa tupu, kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Vihisi vya zamani, vile nilivyovihukumu, meneja alinipa akisema havina kazi tena. Niliviweka uso kwa uso mkononi mezani kwangu jioni ile ile, na ishara ikapanda mpaka 90. Viko kwenye bomba la mteja mwingine karibu na Usa River sasa, na wiki iliyopita nilivikuta vikisoma 71, kimoja kikiwa na alama ya kidole changu kwenye grisi, pembeni kabisa, mahali nilipokikandamiza.